Shahidi wa Kipande Kimoja

Katika gari, maandishi yanayosomwa na watu wachache kuliko yote ndiyo yanayoaminiwa kuliko yote. Nina maana ya yale maandishi madogo yaliyopigwa pembeni mwa kioo, yaliyofinyangwa katika lenzi ya taa, yaliyogongwa kwenye chuma chini ya boneti na yaliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango. Mnunuzi huyatazama, akatikisa kichwa kwa heshima na kusema kwamba gari lina alama zote. Mwuzaji naye huyaonyesha kwa kidole kama mzazi aonyeshaye vyeti vya mwanawe. Baada ya hapo watu hupeana mikono, na hakuna aliyeuliza alama hizo zinasema nini.

Mimi kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa kufundisha fasihi, yaani kuwazoeza vijana kuliuliza kila andiko maswali machache: nani anasema, anamwambia nani, juu ya jambo gani, na wakati gani. Sioni kwa nini maswali hayo yaachiwe mashairi na riwaya peke yake. Andiko la kioo cha gari nalo ni andiko. Lina mwandishi, lina msomaji liliyemkusudia, lina lugha yake na lina upungufu wake. Nakusudia hapa kulihakiki kama ambavyo ningelihakiki andiko jingine lolote, na hoja yangu ni moja tu. Alama ya idhini si sifa ya gari. Ni ushahidi juu ya kipande kimoja, uliotolewa siku fulani, mbele ya sheria ya nchi fulani. Mtu anayeuchukua ushahidi huo kuwa sifa ya gari zima atapotea, na katika mambo mengine atakayeumia si yeye peke yake.

Gari nitakalolitumia kuwa mfano ni Datsun 240Z, na sikulichagua kwa kubahatisha. Wasomaji wa Afrika Mashariki walio wa umri wangu hawana haja ya kuelezwa habari zake. Mwaka 1971 gari hilo lilishinda mashindano ya Safari likiendeshwa na Edgar Herrmann, msaidizi wake akiwa Hans Schüller. Mwaka 1973 likashinda tena, safari hii mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mehta, aliyezaliwa Uganda na kufanya makazi yake Kenya, alikuja kushinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, kwa magari mengine ya kampuni hiyohiyo. Kwa hiyo jina la Datsun halikuingia vichwani mwetu kwa njia ya matangazo. Liliingia pamoja na vumbi na matope, na wengi wetu tulilipokea tukiwa tumesimama kando ya barabara.

Lenyewe ni gari la milango miwili, lenye boneti ndefu na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Nissan walilitoa mwishoni mwa mwaka 1969. Kwao Japani liliitwa Fairlady Z, na nje likaitwa 240Z. Huko Marekani bei yake ya kwanza ilikuwa kama dola 3,500, bei ya gari la mtu wa kipato cha kati. Januari 2020 moja la mwaka 1971, lililotunzwa vizuri mno na kuendeshwa kidogo, liliuzwa mnadani huko Marekani kwa dola 310,000. Bei zinapofika hapo, hata kibandiko kilichochanika huwa mali, na penye mali hapakosi maneno.

Nililisoma gari la namna hiyo kwa mara ya kwanza huko Uingereza, nikiwa na bwana mmoja wa kwetu, mzaliwa wa Mombasa, fundi umeme aliyestaafu. Alikuwa ameweka akiba kwa miaka, akitaka kununua 240Z kabla magoti hayajamkataza kuingia katika gari la chini namna ile. Magari ya aina hiyo yaliyouzwa Uingereza zamani mengi yameliwa na kutu, kwa sababu ya mvua na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Basi watu huyaleta kutoka majimbo makavu ya Marekani, hasa California. Hili lilikuwa mojawapo. Lilizaliwa Japani, likaishi Marekani, likahamia Uingereza. Nchi tatu, sheria tatu, na kila moja ilikuwa imeacha maandishi yake. Mzee mwenzangu aliniambia, "Twende, Mwalimu. Mimi nikiliona gari hili sitaona kitu kingine. Wewe una subira ya kusoma vitu vidogo."

Tuanze chini ya boneti, penye kibati cha Nissan. Namba ya chesisi inaanza kwa herufi HLS30. Hizi si mapambo. S30 ni jina la kiwandani la umbo la gari. H yaonyesha kwamba limefungwa injini ya L24. L yaonyesha kwamba usukani uko kushoto. Gari la namna hiyo lenye usukani wa kulia, lile la Uingereza au Kenya, lingeandikwa HS30 bila ya L. Na lile la kawaida lililouzwa Japani, lenye injini ndogo ya lita mbili, lingeandikwa S30 tu. Kwa herufi moja mtu anajua gari lilikusudiwa kuendeshwa upande gani wa dunia. Ikiwa mwuzaji anadai kwamba gari lake la HLS30 lilitoka kiwandani na usukani wa kulia, herufi hiyo imekwisha kumjibu.

Kibati hichohicho kinataja ukubwa wa injini, lita 2.393, na nguvu zake, farasi 151 kwa mizunguko 5,600 kwa dakika. Hapa mhakiki inampasa asimame kidogo. Idadi hiyo si ya uongo, lakini ilipimwa kwa desturi ya Marekani ya siku zile, ambapo injini iliwekwa juu ya meza ya majaribio ikiwa imevuliwa vingi vya vifaa vinavyoilemea ikiwa ndani ya gari. Kuanzia magari ya mwaka 1972 watengenezaji wa Marekani waligeukia kipimo kinachoihesabu injini pamoja na mizigo yake, na nguvu za magari mengi zikaonekana kushuka kwa usiku mmoja bila ya spana kuguswa. Basi 151 ni kweli ya meza ile, si kweli ya barabara. Anayelinganisha kibati cha 1971 na kitabu cha gari la leo anapima nguo mbili kwa pima mbili tofauti.

Kibati kina namba ya injini pia, na injini yenyewe ina yake iliyogongwa ubavuni. Zikilingana, wapenzi wa magari ya zamani hufurahi, na bei hupanda. Katika gari lile zililingana. Mwenzangu alipumua kama mtu aliyesikia jina la mwanawe katika orodha ya waliofaulu. Nilifurahi pamoja naye. Hata hivyo namba zinazolingana husema kwamba injini hii ilitoka kiwandani na gari hili, zikaishia hapo. Hazisemi kwamba injini ni nzima.

Sasa tuje mlangoni. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kulikuwa na kibati kingine, kikitaja mwezi na mwaka wa kutengenezwa na kutamka kwamba gari linatimiza kanuni zote za usalama za serikali kuu ya Marekani zilizokuwa na nguvu siku ya kutengenezwa kwake. Sheria ya Marekani iliyozaa kanuni hizo ni ya mwaka 1966, na kanuni zenyewe zilianza kutumika mwaka 1968. Watu wengi wakisoma tamko hilo hudhani serikali ya Marekani ililikagua gari na kulipitisha. Sivyo. Katika utaratibu wa Marekani mtengenezaji ndiye anayejishuhudia. Serikali huandika kanuni, mtengenezaji huapa kwamba amezifuata, na serikali hubaki na haki ya kununua gari, kulipima, na kumwamuru mwenye kiapo ayaite magari yote ikiwa aliapa uongo. Mwandishi wa kibati kile, kwa hiyo, ni Nissan. Serikali ni msikilizaji, na fimbo iko mkononi mwake.

Ulaya walishika njia nyingine. Tarehe 20 Machi 1958, mjini Geneva, chini ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya, nchi kadhaa zilitia saini mkataba wa kutambuliana idhini za vifaa vya magari. Kutoka hapo ndipo ilipokuja ile herufi E ndani ya duara, yenye namba pembeni yake. Hapa mtengenezaji hawezi kujiapia. Hupeleka sampuli ya taa, kioo au mkanda kwa mamlaka ya nchi mojawapo, sampuli hupimwa, na ikifaulu hupewa namba ya idhini ambayo nchi nyingine zinazoifuata kanuni hiyo huikubali. Namba iliyo karibu na E ni ya nchi iliyotoa idhini: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 4 Uholanzi, 5 Uswidi, 11 Uingereza, 43 Japani.

Kosa kubwa la wasomaji wa alama hii, nalo nimelisikia Dar es Salaam, Mombasa na London vilevile, ni kuifanya E kuwa cheti cha asili. Mtu huona E4 kwenye taa akasema imetengenezwa Uholanzi. Alama haikusema hivyo. Imesema Uholanzi ndiyo iliyotoa idhini. Taa yenyewe yaweza kuwa imetoka kiwanda chochote duniani. Na kosa la pili ni kudhani kwamba taa hii iliyo mbele yako ndiyo iliyopimwa. Iliyopimwa ni ndugu yake, zamani, katika maabara. Hii imeruhusiwa kuvaa alama kwa kuwa mtengenezaji ameahidi kwamba inafanana naye.

Mbele ya mifumo hii miwili siwezi kusema mmoja ni wa wakweli na mwingine ni wa waongo. Kule mwenye mali anajiapia naye ataulizwa baadaye. Huku serikali inashuhudia mapema, kwa kuangalia mfano. Lakini hakuna hata mmoja kati yao uliokuwapo gari letu lilipogongwa, lilipopakwa rangi upya, au lilipofungwa kioo kingine. Habari hizo inabidi zitafutwe katika kutolingana kwa alama zenyewe, na hapo ndipo kusoma kunapoanza kuwa na faida.

Mwuzaji, mtu mwenye adabu, alitwambia kwamba kila kitu katika gari ni cha asili. Nikainama kwenye pembe ya kioo cha mbele. Palikuwa na duara lenye E na namba 43, na karibu yake maneno 43R yakifuatwa na tarakimu za idhini. Wengi huchanganyikiwa hapa, kwa maana hizi 43 mbili hazina undugu. Ya kwanza ni namba ya Japani. Ya pili ni namba ya kanuni inayohusu vioo vya usalama. Zimekutana kwa bahati tu. Sasa, kanuni ya 43 ilianza kutumika Januari 1981, na Japani ilijiunga na mkataba wa Geneva mwaka 1998. Gari ni la 1971. Kioo cha mbele, basi, ni kipya kwa gari kwa zaidi ya robo karne, hata kama kilitengenezwa Japani na hata kama kinakaa mahali pake vizuri mno.

Je, hilo ni aibu? Hata kidogo. Kioo cha mbele hupasuka kwa kokoto moja. Wala sikuona dalili kwamba mwuzaji alitaka kutudanganya. Alikuwa akirudia aliyoambiwa na aliyemwuzia. Lakini neno "asili" lilikuwa limekwisha kupata ufa, na likishapata ufa yafaa kuendelea kulipiga taratibu ili kusikia mlio wake. Kioo cha mlango wa kulia kilikuwa na alama za Kijapani za zamani pamoja na herufi AS2, ambayo katika kanuni ya Marekani huonyesha kioo kinachoruhusiwa mahali popote isipokuwa mbele. Cha mbele huandikwa AS1, daraja lenye masharti makali zaidi. Kioo cha mlango wa kushoto nacho kilikuwa na AS2, ila jina la mtengenezaji lilikuwa jingine. Mwenzangu hakungoja uhakiki wangu uishe. Aliinua mpira wa mlango ule kwa kucha, na chini yake rangi ya kijani ikatokea, katika gari jekundu. Mlango ulikuwa umetoka katika gari jingine. Herufi ndogo kwenye kioo hazikutwambia hivyo. Zilitwambia tu mahali pa kuinua mpira.

Nimezisikia hoja za wanaosema kwamba huku ni kujisumbua. Fundi mzuri, wanasema, huwasha injini, akasikiliza, akaendesha maili tano, akajua yote. Nawaheshimu mafundi, na nimeona sikio la fundi likigundua ugonjwa ambao kitabu kisingeutaja. Lakini sikio husikia gari la leo. Halisikii kwamba mlango ulibadilishwa, wala halijui taa itamulika upande gani usiku. Na suala la taa ndilo lililonifanya nione kwamba maandishi haya yanahusu roho za watu kuliko bei.

Magari ya Marekani ya enzi ile yalitakiwa kuwa na taa za mbele zilizozibwa, ambazo kioo, kioo-mwangaza na waya wake ni kitu kimoja, ukiungua unatupa taa nzima. Mtu fulani alikuwa ameziondoa katika gari lile akaweka taa za duara zenye balbu ya halojeni, za inchi saba vilevile. Mwuzaji alijivunia taa hizo. "Za Ulaya," alisema, "zina alama ya E." Kweli zilikuwa nayo, na chini yake herufi HCR. H ni halojeni. C na R zimetokana na Kifaransa: C ni ya mwanga wa kupishana, yaani taa ya chini, na R ni ya mwanga wa barabara, yaani taa kamili. Andiko lilikuwa safi, idhini ilikuwa ya kweli, na taa ilikuwa nzuri kuliko ile aliyozaliwa nayo gari. Kitu kimoja tu hakikuwapo, nacho ni mshale.

Mwanga wa kupishana haumulikwi sawasawa pande zote. Huinuka kidogo upande wa ukingo wa barabara, ili dereva aone mtembea kwa miguu, na hukatwa upande wa wanaokuja, ili wasipofuliwe. Katika nchi zinazoendesha kulia, huinuka kulia. Katika nchi zinazoendesha kushoto, huinuka kushoto. Chini ya kanuni za Geneva, taa ya mtindo huu iliyotengenezwa kwa nchi za kushoto huwekwa mshale katika lenzi, unaoelekea kulia kwa mtu aliyesimama akiitazama taa. Ile inayofaa pande zote mbili hupewa mshale wenye ncha mbili. Ile ya nchi za kulia haiwekwi mshale wowote. Kwa maneno mengine, ukimya nao ni neno. Taa zile zilisema kwa kunyamaza kwamba zimeidhinishwa kumulika Ufaransa na Ujerumani. Zikiwashwa Uingereza, kila dereva ajaye angepigwa machoni na mwanga ulioinuliwa kwa kusudi, na mtembea kwa miguu wa kando angebaki gizani.

Msomaji wa kwetu asidhani hili ni jambo la mbali. Kenya, Tanzania na Uganda huendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Pale Rusumo, penye daraja la kuingilia Rwanda kutoka Tanzania, magari hubadilisha upande. Taa zao hazibadiliki. Katika maduka yetu ya vipuri taa za pande zote mbili za dunia hukaa rafu moja, na mteja huuliza kama ni ya kweli au ni ya bandia. Ni swali jema, lakini halitoshi. Taa ya kweli, yenye idhini ya kweli, yaweza kuwa hatari ya kweli katika barabara isiyokuwa yake. Mshale mdogo kama punje ya mchele ndio unaotenganisha mambo hayo mawili, na sijaona kitabu cha gari kilichojishughulisha kumweleza mwenyewe maana yake.

Matairi nayo yalikuwa na ushahidi wake. Mifereji yake ilikuwa na kina cha kumridhisha mtu yeyote. Ubavuni palikuwa na herufi H, maana yake tairi linastahimili mwendo wa kilomita 210 kwa saa, na palikuwa na herufi DOT zikifuatwa na msimbo. Tangu mwaka 2000 tarakimu nne za mwisho za msimbo huo zinataja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Hapa zilikuwa 1906, yaani wiki ya 19 ya mwaka 2006. Mpira huzeeka hata ukikaa bila ya kutembea. Hukauka, hukakamaa, na hushika barabara vibaya, hasa ya maji. Ile H ilisemwa juu ya tairi changa. Tarakimu nne zilizo hatua chache kutoka hapo zinaikanusha, lakini hazina sauti kubwa kama H, kwa sababu H huuzwa dukani na tarehe haiuzwi.

Na kuna tarehe nyingine iliyonitia wasiwasi zaidi, ile ya kibati cha mlangoni. Uingereza, tangu Mei 2018, gari lililotimiza miaka 40 na ambalo halikubadilishwa sana halilazimiki kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Mwenyewe angali na wajibu wa kulitunza liwe salama, ila hakuna anayemwita. Naelewa sababu zake: magari hayo ni machache, huendeshwa siku za jua, na wenyewe huyalea kama mayai. Lakini tazama kilichotokea. Kibati kilichoandikwa mwaka 1971 ili kuuambia umma wa Marekani kwamba gari ni salama siku ile, leo kinatumika Uingereza kuthibitisha umri, na umri huo unaliondolea gari jicho la mkaguzi. Ushahidi wa usalama umegeuka kuwa ruhusa ya kutokaguliwa. Maneno hayakubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni msomaji.

Hapo sijagusa suala la nakala. Kwa kuwa vibandiko vimekuwa mali, wapo wanaovichapa upya: vya namba za kurekebisha injini, vya maonyo ya moshi, vya shinikizo la upepo wa matairi, kwa rangi na herufi za zamani. Sina ugomvi na nakala inayokiri kwamba ni nakala. Gari lililofanyiwa ukarabati linahitaji maelezo yake yasomeke, na kibandiko kilichofifia hakimsaidii fundi. Ugomvi wangu ni na yule anayekibandika kipya kisha akakipaka chai kizeeke. Na kibati cha namba ya chesisi ni jambo jingine kabisa. Marekani, kukibadili kwa hila ni kosa la jinai, na ndivyo ipasavyo, kwa sababu namba hiyo ndiyo jina la gari.

Nikiyapima maandishi haya kama mhakiki, nayaona yana fadhila moja kubwa: hayana vivumishi. Hayasemi taa ni bora wala kioo ni imara. Yanataja nchi, kanuni, namba na mwaka, basi. Waandishi wengi tungefaa kujifunza kwayo. Upungufu wao ni kwamba yaliandikwa kwa ajili ya ofisa, si kwa ajili ya mwenye gari wala abiria. Mtu anayebeba hatari ndiye ambaye hakufundishwa lugha yake. Katika miji yetu tunanunua magari yaliyotumika Japani, vibandiko vya Kijapani vikiwa bado kwenye vioo, na tunavibakiza kama urembo, wala hatujui kipi kilikuwa onyo na kipi kilikuwa ratiba ya kubadilisha oili. Andiko lisilosomeka hugeuka kuwa hirizi. Huaminiwa kwa sababu halieleweki.

Tiba yake si ngumu. Kila alama iulizwe maswali manne. Nani anasema: mtengenezaji anajiapia, au serikali? Anasemea kipande gani? Alisema lini? Na kwa barabara za nchi gani? Alama inayojibu yote manne kwa namna inayokufaa ni shahidi mwema. Inayojibu matatu bado ni shahidi, ila usimkabidhi roho yako.

Mwenzangu alilinunua gari. Mwuzaji, alipoonyeshwa rangi ya kijani na tarakimu za matairi, alipunguza bei bila ya kelele, na nadhani alishukuru kujua alichokuwa nacho. Matairi manne mapya yalifungwa wiki ileile. Taa nazo zikabadilishwa kabla gari halijatoka hata usiku mmoja. Zile mpya zina mshale. Kioo cha mbele kimebaki, kwa sababu ni kizima na ni salama. Mlango pia umebaki, na mwenyewe hukataa kuupaka upya sehemu iliyo chini ya mpira. Akiulizwa kama gari lake ni la asili, hujibu kwamba injini ni ya asili, kioo ni cha baada ya 1998, mlango ni wa gari jingine, na taa ni za nchi za kushoto. Ni jibu refu, wala halimvutii mtu wa mnadani. Lakini kila neno lake lina shahidi.